Platini Iliyofanana na Vumbi la Makala

Nilirudi Goma na platini ndani ya soksi. Ilikuwa chumvi yake, vipande vya rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, katika chupa isiyozidi kidole gumba changu. Profesa aliyenifundisha katika nchi ya kusini nilikosoma alinipa siku ya kuagana, pamoja na karatasi chache za utando mwangavu, kichupa cha gundi yake na karatasi nyeusi za nyuzi za kaboni, akaniuliza kwa mara ya mwisho kama kweli ninarudi. Nilimwambia ninarudi. Akasema mji wangu hauna umeme wa uhakika wala amani, kazi hiyo nitaifanyia wapi? Nikamjibu kwamba mji usio na umeme ndio unaohitaji watu wa kazi hiyo. Sikuwa najigamba. Nilikuwa nimeifanya mara nyingi mbele ya macho yake, na niliiamini mikono yangu.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza baba yangu, mfanyabiashara wa Butembo aliyemaliza nusu ya maisha yake kwenye malori ya bidhaa kati ya Kampala na Goma. Kuna seli, nilimwambia, inayopokea hidrojeni upande mmoja na hewa upande wa pili, utando ukiwa katikati, ikatoa umeme na maji, bila moshi na bila kelele ya jenereta. Hidrojeni unaweza kuitoa kwenye maji wakati wa jua, ukaitunza, ukaitumia jua likizama. Lakini gesi hizo mbili hazifanyi lolote mpaka ziguse platini. Na platini ikiwa donge, inayofanya kazi ni ngozi yake ya nje tu. Ya ndani inakaa bure. Kwa hiyo tunaigawa kuwa chembe ndogo kiasi kwamba karibu yote inakuwa ngozi, halafu tunazitawanya chembe hizo juu ya masizi safi ya kaboni ili zisishikamane tena.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: nilihitaji nini kutoka Kampala? Nilimwambia glikoli safi ya kuchemshia ile chumvi, isiyotiwa rangi, kwa maana ile inayouzwa kwa ajili ya radieta za magari imechanganywa na mambo mengine. Safari iliyofuata alileta dumu zima katikati ya marobota ya vitenge. Alikuwa amelifunga kamba pande zote, na hakukubali mtu mwingine alishushe.

Chuo kiliniajiri kama asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, wa kemia, kikanipa chumba cha nyuma, chenye kuta za mawe ya volkano na meza ndefu ya saruji. Bomba lilikuwepo, maji yalikuja yakipenda. Mwenzangu wa kazi alikuwa asistenti wa fizikia, mdogo wangu kwa miaka michache, mtu mtulivu anayependa kuchonga vitu. Kwa msumeno mdogo na tupa alichonga bamba za grafiti na kuzichora mifereji myembamba ya kupitishia gesi, akizipuliza na kuzitazama kwenye mwanga wa dirisha kama fundi saa. Alikuwa mzaliwa wa Kibumba, wa familia ya wakulima wanaosema Kinyarwanda. Mimi ni Mnande. Kwa mtu asiyeijua Kivu ya Kaskazini hilo si jambo, lakini miaka ile ya vita kila mtu mjini alisikiliza lafudhi ya mwenzake kabla ya kusikiliza maneno yake. Sisi wawili hatukulizungumza. Yeye aliniita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, mimi nilimwita mudogo wangu, na kazi ilikuwa nyingi.

Umeme ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo niliamua kutoutegemea kabisa. Tulichemsha kwenye mbabula, lile jiko letu la makala. Juu yake sufuria ya mafuta ya kupikia, ndani ya mafuta chupa ya kioo yenye glikoli, chumvi ya platini na soda kidogo ya kutengenezea sabuni, na kipimajoto ambacho sikukiondolea macho. Joto likipanda nilisogeza makala pembeni kwa koleo, likishuka niliyarudisha. Mwanzoni maji yale yana rangi ya njano hafifu. Yanakaa hivyo mpaka mtu asiye na uzoefu anadhani amekosea. Kisha yanaanza kuwa kahawia kama chai ya rangi, na hapo huchukui muda kuona weusi ukiingia kutoka chini hadi juu. Platini imetoka kwenye chumvi yake na kuwa chembe. Mwenzangu alipoiona mara ya kwanza alisogea karibu na kunong'ona, kana kwamba tungeweza kuzishtua.

Baada ya hapo tulitia kaboni, tukatia asidi tone kwa tone ili chembe zishuke na kuishika, kisha tukaanza kuosha. Kuosha ndiko kunakochosha. Lazima chumvi yote iondoke, na maji ya bomba hayafai wala maji ya ziwa. Yanatakiwa maji yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa tena kuwa maji. Tuliyatengeneza wenyewe. Kila baada ya mkupuo nilidondosha tone la nitrati ya fedha kwenye maji yaliyochujwa. Likifanya wingu jeupe, tunaosha tena. Siku ambayo wingu halikutokea tulipata unga mweusi kabisa, mwepesi, usio na dalili yoyote ya kuwa na madini ya thamani ndani yake.

Sehemu ya kwanza ya unga huo iliungua. Nilikuwa nimegeuka kuchukua brashi, na mwenzangu, kwa kutaka kunisaidia, akamimina alkoholi juu ya unga mkavu ili tutengeneze wino wa kupaka. Cheche nyekundu zilikimbia ndani ya bakuli, kisha moto wa buluu ukainuka. Nilifunika bakuli kwa sahani, moto ukafa. Alibaki amesimama mikono hewani, uso umebadilika. Nilimwambia asihuzunike. Platini ya namna ile ikikutana na mvuke wa alkoholi na hewa huwasha moto yenyewe. Ndiyo sababu tunaulowesha unga kwa maji kwanza, na alkoholi inafuata. Na platini isiyofaa haiwashi kitu. Kwangu moto ule ulikuwa habari njema, na nilimwambia hivyo.

Msimu wa mvua ulipoanza, vita vya serikali na waasi vikafika Kibumba. Barabara ya Rutshuru ilijaa watu wakishuka na magodoro kichwani, mbuzi, vyungu, watoto migongoni. Wengine walisimama Kibati, wengi wakafika Kanyaruchinya na kufunga turubai zao juu ya mawe meusi ambayo hata kigingi hayakubali. Mwenzangu aliingia labo, maabara yetu, asubuhi moja, hakuvaa koti lake la kazi, akakaa. Mama yake alikuwa Kibumba peke yake, na simu yake haikuwa inapatikana tena. Nilizima mbabula. Tulichukua pikipiki mbili tukapandisha kwenda Kanyaruchinya.

Tulizunguka kwenye mahema hayo mpaka jua likawa kali, tukiuliza watu wa Kibumba wako upande gani. Mwishowe tulimkuta kwenye mstari wa maji, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, akimgombeza kijana mmoja mwenye nguvu aliyekuwa amewapita wazee. Alipomwona mwanawe hakulia. Alimshika mashavu, akamkagua kama anayetafuta jeraha, kisha akarudi kumalizana na yule kijana.

Chumba cha mwenzangu mjini kilikuwa cha mbao, na ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kujaa humo. Nilisema mama aje kwangu. Mama akamuuliza mwanawe kwa Kinyarwanda, akidhani sisikii lugha hiyo, kama kweli anataka kumpeleka akalale kwa Munande. Nilizaliwa Goma; nasikia vya kutosha. Nilimjibu kwa Kinyarwanda changu kibovu kwamba kwa Munande kuna kitanda na kuna sombe, kisamvu chetu. Alinitazama, akatazama turubai lake, kisha akacheka kidogo kwa pua na kwenda kuchukua mzigo wake.

Hakuwa mgeni mwepesi. Hakupenda sombe yangu na alisema hivyo. Hakupenda kukaa. Wiki ya kwanza alikwangua udongo kati ya mawe nyuma ya nyumba, akaujaza kwenye magunia na kupanda kabichi, akinilalamikia kwamba sisi watu wa mjini tunaishi juu ya jiwe kama mijusi. Nilipotoka kazini aliniuliza tulifanya nini, na nilipomwambia tuliosha unga, alitaka kujua ni unga gani usioliwa ambao watu wawili wenye diploma wanauosha mchana kutwa. Nilianza kupenda kumkuta nyumbani.

Lakini mtaa ulikuwa umemwona. Jirani yangu wa karibu, mama wa parokia yetu ambaye tuliimba naye kwaya na aliyenipikia nilipofiwa na mama yangu, alikuja mchana mmoja, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akazungukazunguka na habari za bei ya makala kabla ya kufika alikotaka.

"Mama Asistenti," alisema, "batu banasema uko unaficha batu ba bale."

"Bale gani?"

Nilijua anamaanisha waasi; mtaani kila msema Kinyarwanda alihesabiwa miongoni mwao. Jirani alitazama mlango wa chumba cha ndani.

"Ule mumama ni mama ya mutu natumika naye," nilimwambia. "Alikimbia masasi, sawa vile siye tunaweza kimbia kesho. Kama batu banasema, ubaambie bakuje baniulize miye."

Sikupandisha sauti. Aliondoka bila kuaga vizuri, nami nilibaki nimekaa, na sikuona neno lolote ambalo ningetaka kulirudisha. Nilipoingia chumba cha ndani, mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Alikuwa amesikia yote.

"Mwana wanjye," alisema, "narudia Kanyaruchinya. Sipendi bakuchukie juu yangu."

"Mama, ikala chini. Chakula iko naiva."

Alikaa. Tulikula. Mzigo ule hakuufungua hadi Jumapili, tuliporudi kutoka misa, na siku hiyo aliufungua wote, hata mablanketi akayaanika.

Mimi na mwenzangu tulifanya mchemsho wa pili na wa mwisho, kwa sababu chumvi iliyobaki ilitosha mara moja tu. Nilikuwa na hakika nao kuliko wa kwanza. Unga ulipokauka tuliuweka pamoja na uliosalia wa kwanza kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, juu ya meza ya saruji. Tulipanga wiki inayofuata tupake elektrodi, yaani karatasi za kaboni zilizobeba unga huo. Utando, karatasi za kaboni na ile gundi niliviweka nyumbani, katikati ya vitabu, mbali na unyevu. Bamba za grafiti alizichukua yeye kwenda kuzisugua jioni.

Wiki inayofuata vita viliingia mjini. Sitasimulia kila kitu, waliokuwepo wanajua. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mabomu yalipita juu ya mapaa na hatukujua yanakwenda kwa nani. Nyumba yangu ina kuta za mawe. Nyumba ya jirani yangu ni ya mbao, na risasi haizijui mbao. Asubuhi ya kwanza aligonga mlango wangu na watoto wake, akiwa ameinama, kanga imemtoka begani. Aliyefungua ni mama wa Kibumba. Nilikuwa nyuma yake na nikaona jirani akisita kizingitini. Mama alimvuta ndani kwa mkono, akafunga mlango, akamlaza kwenye godoro lake mwenyewe lililokuwa sakafuni chini ya dirisha. Kila mlio uliposhuka karibu mama alimpapasa jirani mgongo kama mtu anayemtuliza mtoto mwenye homa. Walisali rozari. Mmoja alisali kwa Kiswahili, mwingine kwa Kinyarwanda, na walipofika kwenye Amina walifika pamoja.

Mwenzangu alikuja mitaa ilipotulia, akiwa mzima, amekonda. Mji ulikuwa umepata wenyewe wengine, wale waasi. Tulikwenda chuoni kwa miguu, tukikanyaga maganda ya risasi yaliyotapakaa kama mbegu. Mlango wa labo ulikuwa umevunjwa. Ni nani aliyevunja hatukujua na hatukujua hadi leo. Mizani ilikuwa imekwenda, kompyuta, oveni, paneli ya jua, alkoholi yote, dumu la baba, viti vyote, hata bomba la sinki lilikuwa limefunguliwa na kuchukuliwa. Vioo vilikuwa vipande vipande chini.

Juu ya meza ilibaki chupa ya jemu. Kifuniko chake kilikuwa pembeni. Mtu alikuwa ameifungua, akachovya kidole, akaona ni vumbi la makala, akajifuta ukutani. Alama tatu za vidole zilikuwa pale kwenye jiwe, nyeusi na safi. Unga ulikuwepo karibu wote. Mwenzangu aliinua chupa, akaitazama, akanitazama.

"Yaya," alisema, "bamebeba biti, bameacha mali."

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, kwani pa kukaa pengine hapakuwepo. Nadhani tulilia pia. Kisha nilifunga kifuniko, nikaiweka chupa ndani ya mkoba chini ya sabuni na nyanya, tukarudi nyumbani kwangu.

Elektrodi zile tulizitengenezea kwenye meza ya chakula. Alkoholi haikuwepo, lakini kanyanga, ile gongo yetu, haikosekani Goma, vita au si vita. Nilinunua chupa kadhaa na kuichemsha upya kwenye mbabula, nikikusanya mvuke wa mwanzo, na nikarudia hadi nikapata alkoholi nzuri. Mama alizunguka nyumba nzima akifungua madirisha. Alisema amekaa na mimi muda wote ule bila kujua kwamba ni mlevi. Nililowesha unga kwa maji kwanza, nikatia alkoholi, nikatia gundi, tukaupaka wino huo kwa brashi laini kwenye karatasi ya kaboni, tabaka jembamba baada ya tabaka, tukisubiri kila moja likauke. Kisha nililaza utando katikati ya elektrodi mbili na kuzikandamiza kwa pasi ya makala, juu ya kitambaa, kwa uzito wangu wote. Mwenzangu alifunga bamba zake kwa bolti. Tulitengeneza seli mbili na kuziunganisha moja baada ya nyingine.

Ilibaki hidrojeni, na paneli ya jua ilikuwa imeibiwa. Nilijua njia nyingine: aluminiamu ndani ya maji yenye soda kali, ile ya watengeneza sabuni, hutoa hidrojeni. Nilihitaji sufuria nyepesi isiyofaa tena. Mwenzangu alienda kuuliza kwa jirani, nami nilibaki nikijiuliza atampokea vipi. Alirudi na sufuria iliyotoboka, na jirani mwenyewe akimfuata nyuma, akifuta mikono kwenye kitenge. Alitaka kuona itafanywa nini.

Tulikaa verandani asubuhi, hewa ikipita vizuri, mbabula imezimwa mbali. Nilidondosha vipande vya sufuria ndani ya chupa, mapovu yakaanza, gesi ikapita kwenye chupa ya maji safi na kuingia kwenye mpira mwembamba hadi kwenye seli. Mwenzangu alishika kipima volti. Namba ilikuwa sifuri kwa muda, halafu ikaanza kupanda, ikapita moja, ikapanda bado, ikatulia karibu na mbili. Aliifunga mota ndogo aliyokuwa ameitoa kwenye redio ya kaseti, yenye kipande cha karatasi kama panga la feni. Karatasi ilitikisika, ikazunguka, na ikazidi kuzunguka mpaka hatukuiona tena isipokuwa kama duara jeupe.

Jirani aliuliza kama kuna moto ndani. Nilimwambia hakuna. Aliweka kiganja karibu na bamba, akakirudisha, akakiweka tena. Upande wa hewa tone la maji lilijitokeza kwenye mfereji, likaning'inia, likaanguka. Mama wa Kibumba aliligusa kwa ncha ya kidole. Mwanawe alimweleza kwa Kinyarwanda kirefu, mikono yake ikionyesha dispensari, friji, taa, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Mama alisikiliza yote.

"Njo hii ule unga?" aliniuliza.

"Njo hii, mama."

"Basi mufanye ingine kubwa," alisema, akaenda kumwagilia kabichi zake.

Nilimwandikia profesa, nikampa vipimo vyote. Aliniuliza niliukausha vipi unga bila umeme, na utando niliubanaje bila mashine. Nilimweleza mbabula na pasi. Baadaye alituma chumvi nyingine, nyingi kidogo kuliko ya kwanza, kwa mtu aliyekuwa anapitia Kigali.

Mama alirudi Kibumba barabara ilipofunguka. Nyumba yake haikuwa na bati hata moja, lakini shamba lilikuwepo, na alisema shamba ndilo alilolikosa. Jirani alimsindikiza hadi kwenye pikipiki na kusimama pale mpaka ilipopinda kona.

Chuo kimetupatia meza mpya na mlango wa chuma. Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wanakuja kwa zamu kujifunza kuchemsha, na wengi hukata tamaa rangi ya njano inapokaa muda mrefu. Nawaambia wasiguse kitu, wakae, watazame. Mwenzangu anachonga bamba za seli kubwa. Anataka mifereji iwe mipana zaidi ili maji yasizibe njia, mimi nasema ikiwa mipana mno gesi itapita bila kugusa platini. Jana tulibishana hadi saa ya chakula. Leo ameleta bamba mbili, moja ya kwake na moja ya kwangu, na tumezifunga zote ili tuone.